Masikio yangu yamebaki mwaka 2001: nitaipataje tena raha ya kutafuta muziki?

Mhasibu_Moshi (Soweto, Moshi)

Habari zenu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 44, ni mhasibu, nina mke na watoto wawili, na kwa muda usiopungua miaka ishirini sijasikiliza muziki mgeni kwa hiari yangu mwenyewe. Sisemi kwamba sisikii muziki, kwa maana nausikia kwenye daladala, harusini, kwa jirani mwenye baa inayofunguliwa saa nne asubuhi na kwenye simu ya binti yangu. Ninachosema ni kwamba nikikaa peke yangu na kuachiwa nichague, mkono huenda palepale kila siku: hip hop za Kwanza Unit, Mr. II, Hard Blasters, na bolingo chache ambazo marehemu baba alikuwa akizipiga Jumapili baada ya ibada. Zote nilizijua kabla sijamaliza kidato cha sita mwaka 2001, na tangu hapo ni kama mlango ulifungwa na ufunguo ukatupwa Mto Karanga.

Zamani sikuwa hivi. Nikiwa sekondari nilikuwa nikikaa mbele ya redio kaseti ya kaka yangu, vidole viwili vikiwa tayari juu ya vitufe vya kurekodi, nikiomba mtangazaji asizungumze juu ya mwanzo wa wimbo. Kaseti moja ya dakika 60 ilinichukua mwezi mzima kuijaza. Bwenini kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, kiasi kwamba ili uazimwe kaseti ulipaswa kuacha rehani. Mimi niliwahi kuacha raba zangu kwa siku nne na nikakimbia mchakamchaka pekupeku, wala sikuona kama nimepunjwa.

Kilichonifanya niandike ni safari ya mwezi uliopita. Nilipanda Noah pale Boma Ng'ombe kwenda Arusha, na dereva alikuwa akipiga muziki wa magitaa ambao sikuwahi kuusikia. Gitaa moja lilikuwa likirudia maneno yaleyale mafupi bila kuchoka, la pili likijibu kwa mbali kidogo, kisha saksofoni ikaingia taratibu kama mtu aliyekuwa akipiga hodi mlangoni kwa muda. Kikatiti ilipita sikuiona. Nilitamani foleni ya Usa River iwe ndefu zaidi, jambo ambalo sijawahi kulitamani maishani. Nilipomuuliza dereva, akasema flashi ni ya fundi wake wa gereji na kila wimbo umeandikwa namba tu. Nilifungua Shazam, lakini kwa kelele za gari na za abiria aliyekuwa akigombana kwa simu, haikutambua chochote.

Usiku ule, nikiwa na hamu ambayo sikuwa nayo kwa miaka mingi, nilinunua bando na kuanza kutafuta. Nikafungua orodha moja yenye nyimbo mia, nikaonja wa kwanza, nikaruka, nikaonja wa pili, nikaruka. Ndani ya saa moja nilikuwa nimepitia nyimbo zipatazo arobaini na sikumaliza hata mmoja. Nililala nimenuna kama mtu aliyekwenda sokoni Mbuyuni na fedha mfukoni akarudi na kikapu kitupu, na kosa la soko halipo.

Swali langu, basi, ni hili: je, ni umri tu, yaani sikio hukomaa na kufunga kama utosi wa mtoto, au ni namna ninavyotafuta? Ninyi mliovuka arobaini na bado mnapata muziki unaowasimamisha nywele, mnafanyaje? Naomba msinitumie orodha za nyimbo, kwani nimekwisha kuziona za kutosha.

Mzee_Tengeru

Kijana wangu, mimi nina miaka 67, na sijaongeza wimbo hata mmoja tangu Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979. Ninalala vizuri na ninakula vizuri. Sioni ugonjwa unaoutafutia dawa. Mtu mwenye kiti chake anachokipenda hazunguki mitaani akijaribu kukalia viti vya watu.

Fundi_Kaloleni (Arusha)

Shikamoo, Mzee wa Tengeru. Kiti ni chako na hakuna atakayekuinua, ila huyu mdogo wetu amekwisha kusimama mwenyewe, kwa hiyo tumsaidie.

Mdogo wangu Mhasibu, tangu mwaka 1986 hadi 2005 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti karibu na Soko Kuu hapa Arusha. Siku hizi kazi yangu ni kutengeneza redio na ampilifaya. Mteja alikuwa akija na orodha aliyoiandika kwenye karatasi ya daftari, anaacha kaseti tupu na fedha kidogo, anarudi keshokutwa. Nyimbo zenyewe nilizitoa kwenye santuri, au kwenye kaseti zilizoingia kutoka Nairobi kupitia Namanga. Sasa sikiliza siri ya kazi ile. Kaseti ya dakika 90 haigawanyiki sawasawa. Ukishamrekodia mtu alichoagiza, mwishoni mwa upande wa pili hubaki dakika nne au tano tupu, na mimi sikupenda kumpa mtu kaseti yenye ukimya, kwa hiyo nilijaza wimbo mmoja ambao hakuuagiza. Niliuchagua kwa kuangalia orodha yake na kujiuliza: mtu anayependa haya, ni nini kilicho jirani ambacho hakijui? Nakwambia ukweli, waliorudi kuniuliza habari za nyimbo walizoziagiza wenyewe walikuwa wachache sana. Waliorudi kuuliza ule wa mwisho, usio na jina kwenye karatasi, walikuwa wengi, na ndio walionijengea nyumba.

Huo wimbo wa kwenye Noah sitaapa kuutaja kwa maelezo ya maneno tu, lakini gitaa linalorudia maneno mafupi, jingine likijibu na saksofoni ikichelewa kuingia, hayo yananielekeza kwa akina Wanyika. Na hapo nina jambo la kukufurahisha. Watu wengi hudhani Simba Wanyika ni bendi ya Kikenya tangu mwanzo. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Kinyonga, walikuwa watu wa Tanga waliopiga na Jamhuri Jazz ya kulekule, kisha mwaka 1970 wakahamia hapahapa Arusha na kuanzisha Arusha Jazz. Baadaye wakavuka kwenda Mombasa na Nairobi, wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwamo mpiga ridhimu Omar Shabani, wakajitenga na kuwa Les Wanyika. Kwa hiyo muziki ulioukuta ndani ya Noah ukielekea Arusha, kama nimekisia sawasawa, ulikuwa unarudi nyumbani.

Kuhusu namna ya kutafuta, mimi nina njia moja tu: fuata mtu, usifuate orodha. Wanamuziki wetu wa dansi walikuwa wakihamahama kama wachezaji wa mpira, na kila anapohama mtu, sauti ya bendi mbili hubadilika. Mchukue mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo. Msikilize akiwa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mfuate anapokwenda Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978. Mfuate tena katikati ya miaka ya 1980 anapokwenda Safari Sound. Kisha mrudishe Msondo, yaani NUTA ile kwa jina lake la baadaye, alikomalizia. Ni sauti ileile ndani ya nyumba nne, na kila nyumba ina mwangwi wake. Ukimaliza, utakuwa umekutana na wapiga magitaa, wapiga tumba na wapuliza tarumbeta wengine ishirini ambao hukuwatafuta, na kila mmoja wao ni njia ya kwendea kwingine. Kumbuka pia kwamba kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina lake: Sikinde ya Mlimani, Ndekule ya Safari Sound, Pambamoto ya Vijana Jazz, Kamanyola ya Maquis, Saboso ya Western Jazz, Kiweke ya Atomic. Mashabiki walikuwa wakigombana kwa majina hayo kama Simba na Yanga, na hawakuwa wakigombania maneno matupu, kwa sababu mpigo ulikuwa tofauti na sikio liliutambua kutoka nje ya ukumbi kabla ya kulipa kiingilio.

Jambo la mwisho. Wimbo wa dansi huanza polepole kwa hadithi, kisha kwenye dakika ya tatu au ya nne waimbaji hunyamaza kidogo, magitaa hubadilika na chemko huanza. Uzuri wote umewekwa huko nyuma. Anayeruka wimbo kwenye sekunde ya thelathini ameonja ganda akaitupa ndizi.

Mwalimu_Biolojia (Moshi)

Kaka Mhasibu, swali lako la utosi wa mtoto limenichekesha, na kwa kuwa ninafundisha biolojia, naomba nilijibu kwa upande huo.

Sikio halifungi. Kinachotokea ni kwamba nyimbo zako za zamani zinashindana na mpya kwa njia isiyo ya haki. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba mtu mzima akiombwa aeleze maisha yake, kumbukumbu hujazana zaidi katika miaka ya ujana, takriban kati ya miaka kumi na thelathini, na nyimbo za wakati huo huvuta kumbukumbu nyingi kuliko za baadaye. Wimbo wako wa mwaka 1999 umebeba bweni, raba zilizowekwa rehani na baridi ya mchakamchaka. Wimbo ulioufungua jana usiku haujabeba chochote, na wewe umeupa sekunde kumi na tano ujitetee.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana, uliofanywa Montreal, Kanada, na Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao, na kutolewa mwaka 2013. Waliwaingiza watu 19 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha vipande 60 vya muziki ambao hawakuwahi kuusikia, kila kipande sekunde 30, na wakawaruhusu kutoa fedha zao wenyewe kununua walichokipenda. Sehemu moja ndogo ya ubongo, inayohusika na kutarajia kitu kizuri, ilichangamka zaidi kadiri mtu alivyokuwa tayari kulipa zaidi. Hilo pekee lingekuwa la kawaida. Kilichonivutia ni kwamba sehemu hiyo ilikuwa ikishirikiana kwa nguvu na zile zinazotunza sauti tulizowahi kuzisikia. Maana yake ni kwamba hata muziki mgeni kabisa tunaufurahia kwa akiba tuliyonayo: ubongo unabashiri sauti inayofuata, mara unapatia, mara unadanganywa kwa namna ya kupendeza, na raha imo katika kubashiri huko. Mahali ambapo huna akiba, huwezi kubashiri, na muziki unakuwa kelele.

Kwa hiyo ushauri wa Mzee Fundi wa kutafuta kilicho jirani na unachokijua una msingi, japokuwa yeye aliupata kibandani na hao wa Montreal waliupata kwa mashine ya mamilioni. Ila mimi ningeongeza kurudia. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionesha kwamba watu wakioneshwa mara kwa mara kitu wasichokijua, huanza kukipenda zaidi hata bila kuelezwa chochote juu yake. Kwenye muziki utaratibu wangu ni huu: wimbo nisiouelewa ninausikiliza mara tatu, kwa siku tatu tofauti, hadi mwisho, ndipo ninaruhusiwa kuukataa. Ukisikiliza mara tatu mfululizo haisaidii, unachoka tu. Lazima ulale katikati.

Nitakupa mfano wangu mwenyewe. Kuna mgahawa wa Kihabeshi mjini Arusha ambako tulikwenda na wenzangu baada ya semina, na muziki uliokuwa ukipigwa ulinikera kiasi kwamba niliomba upunguzwe. Nililelewa kwenye kwaya, na sikio langu la do-re-mi lilisikia kinanda kilichopinda. Baadaye nilijifunza kwamba muziki wa Ethiopia una skeli zake za sauti tano, zenye majina kama tizita na bati, na baadhi zina hatua fupifupi mahali ambapo sisi tunatarajia ndefu. Nikamchukua Mulatu Astatke, mtu wa Jimma aliyesoma muziki Uingereza na Marekani kisha akaunganisha jazi na skeli hizo za nyumbani kwao. Siku ya kwanza sikuambulia kitu. Siku ya pili nilianza kusikia sentensi zinapoishia. Siku ya tatu nilikuwa nikipika, na nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, ugali ukiungua.

Kijenge_Juu (Arusha)

Shikamooni wazazi wangu, na mtaniwia radhi, kwa maana mimi nina miaka 24 tu na swali halikuwa langu.

Nimesoma kila kitu hapo juu kwa furaha, lakini nimejiuliza: mbona muziki mpya wa watu wazima daima ni wa zamani? Mzee Mhasibu ametoka mwaka 2001, mmemshika mkono, mmempeleka mwaka 1978. Sikatai kwamba ni mgeni kwake. Ila zile hip hop za Kwanza Unit zilipotoka, naamini babu zetu waliziita kelele za vijana, na leo yeye ndiye anayesema anasikia muziki kwenye simu ya binti yake kama anavyosikia mlio wa jenereta ya jirani.

Jiji hili halikuishia kwenye magitaa. X Plastaz walitoka hapahapa Arusha, wakaweka uimbaji wa Kimaasai juu ya mapigo ya hip hop, na albamu yao ikatoka Ulaya mwaka 2004. Baada yao wakaja Nako 2 Nako, wakaja Weusi na akina Joh Makini, Nikki wa Pili na G Nako, wakichana kwa lafudhi ya kwetu bila kuiga ya Dar es Salaam. Mtu aliyependa Mr. II ana akiba ya kutosha ya kubashiri hayo, kama alivyosema Mwalimu, na hatahitaji hata siku tatu.

Singeli ndiyo kazi. Mapigo yake yanaweza kuzidi 200 kwa dakika, na mtu aliyezoea dansi anaposikia mara ya kwanza anadhani kaseti imekimbia. Nawaomba mjaribu kuisikiliza kwa maneno kwanza, si kwa ngoma. Ndani yake kuna utani, majigambo, kodi ya nyumba, mama mkwe na mapenzi ya uswahilini, na mwimbaji wake mzuri hupanga vina kwa kasi ambayo malenga angeiheshimu. Kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam zilitolewa kwenye mkusanyiko wa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda mwaka 2017, na watu wa mbali waliununua, wakati sisi tulikuwa bado tunaambiwa tupunguze sauti.

Pendekezo langu ni dogo: mwombe binti yako akuchagulie wimbo mmoja kwa wiki, nawe umchagulie mmoja, na kila mmoja aeleze kwa nini. Bila kuhubiriana.

Mzee_Tengeru

Huyu kijana ana adabu, kwa hiyo nitamjibu kwa adabu: hiyo singeli nimeisikia kwenye bodaboda kutoka Tengeru hadi nyumbani, na nilishuka nikiwa nimesahau nilichokwenda kununua.

Mama_Kwaya (Machame)

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini wote mmezungumza kuhusu spika. Mimi nina miaka 58 na sina programu hata moja ya muziki kwenye simu yangu. Muziki mgeni ninaupata mahali ambapo siwezi kuuruka kwa sababu nimekaa katikati ya watu na itakuwa aibu kuondoka.

Mhasibu, unaishi Moshi. Harusi ngapi za huku juu umehudhuria ukitazama saa, ukisubiri chakula? Bendi zetu za tarumbeta, tulizozirithi kwa Walutheri wa Kijerumani, wale wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na waliowafuata, zinapiga wimbo wa kitabuni kwa namna ambayo hakuna Mjerumani angeutambua. Siku nyingine sogea karibu na yule mwenye tarumbeta kubwa la besi, simama hapo, usisikilize wimbo, msikilize yeye peke yake. Kwenye kwaya mimi huwafundisha wageni hivyohivyo: chagua sauti ya nne, ifuate kuanzia mwanzo hadi amina, na zile tatu ziache zijiendee. Wimbo ulioimba miaka thelathini unakuwa mwingine kabisa.

Mwaka juzi nilialikwa harusi ya Kimaasai Monduli. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Olaranyani anaanzisha, yeye ndiye kiongozi wa wimbo, na wengine wanamjibu kwa sauti za kooni zinazotembea kama pumzi ya ng'ombe wengi wamelala pamoja. Nilidhani ninajua sauti nne. Nilikaa pale tangu saa saba hadi jua linazama nikijaribu kuhesabu sauti zilikuwa ngapi, na kila nilipofika ya tano mtu mwingine aliingia na yake. Nilirudi nyumbani nimechoka shingo. Sikuelewa maneno, kwa kuwa Kimaa sikijui, na wala halikunisumbua hilo.

Mhasibu_Moshi

Ndugu zangu, ni wiki saba tangu nilipouliza, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikifanya mliyoniambia.

Wimbo wa kwenye Noah bado sijaupata jina. Nilimtafuta dereva, akanielekeza kwa fundi wa gereji, na fundi akasema flashi aliinunua soko la Kilombero, Arusha, ikiwa tayari na nyimbo ndani yake. Nimemaliza nyimbo zote za Les Wanyika na za Simba Wanyika nilizozipata na hakuna hata mmoja ambao ni wenyewe, ijapokuwa kuna mbili tatu zilizonipa mshtuko wa jirani yake. Mzee Fundi, nilipopita Arusha kikazi nilijikuta naangalia majengo ya zamani ya Kaloleni nikijiuliza ni katika ukumbi upi vijana wale wa Tanga walifanya mazoezi. Nimepita mtaa huo tangu nikiwa mtoto na sikuwa nimewahi kujiuliza chochote.

Gurumo nimemfuata nyumba zote nne. Nilichukua wiki tatu, ninasikiliza nikitembea kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi, wimbo mmoja kwenda na huohuo kurudi. Ni kweli kwamba chemko ndipo nyumba inapowaka taa. Kwa miaka yote nilidhani dansi ni muziki wa polepole wa wazee, kwa sababu sikuwahi kufika dakika ya nne.

Mwalimu, huyo Mulatu wako aliniweka pabaya. Siku ya kwanza nilikubaliana kabisa na yule dada aliyeomba sauti ipunguzwe. Siku ya tatu bosi wangu aliniuliza ninachopiga mluzi ni nini katikati ya kufunga hesabu za mwezi, na nilishindwa kumjibu kwa kuwa sikujua kama nilikuwa nikipiga mluzi.

Singeli nimeshindwa, kijana wangu, na naisema kwa heshima. Nilikaa na binti yangu Jumamosi tatu. Alinisimamishia wimbo kila baada ya mstari na kunifasiria maneno ya mtaani, na hapo nilicheka hadi machozi, lakini mara tu alipouachia uende wenyewe, kichwa kiliniuma. Akaniambia hana tatizo, kwa sababu na yeye ameshindwa kumaliza Hard Blasters. Hata hivyo sasa ananitumia wimbo kila Ijumaa, na wiki iliyopita alinitumia wa msichana mmoja mwenye gitaa, usio na kasi yoyote, akaandika chini yake kwamba huu ni wako, mimi siupendi lakini nilipousikia nilikukumbuka. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko nilivyomwambia.

Kwa Mama wa Machame bado nina deni la harusi. Nimealikwa moja mwezi ujao na nitasimama karibu na besi.

Mzee Fundi, nina ombi. Jumamosi nitakuwa Arusha. Ninayo flashi ya GB 16. Je, unaweza kuniwekea unachoona kinanifaa, kwa namna ile uliyokuwa ukiwafanyia wateja wako?

Fundi_Kaloleni

Mdogo wangu, karibu sana, lakini flashi iache nyumbani. GB 16 haina mwisho wa upande wa pili. Nitaweka nyimbo elfu tatu humo na hazitajaa, na wewe utarudi kuruka kama ulivyokuwa ukiruka, kisha utanilaumu mimi.

Nina deki moja ambayo bado inazunguka vizuri. Niliibadilishia mkanda mwezi wa pili. Kaseti tupu za dakika 60 ninazo tatu. Redio kaseti ya kuisikilizia nitakuazima, nayo utaacha rehani, kwa kuwa nimesoma kwamba umezoea. Njoo na orodha yako kwenye karatasi, nyimbo zisizidi kumi na moja, na usiniulize ya mwisho ni ipi. Ninafunga saa tisa alasiri, maana saa kumi nina msiba Sakina.